Fundi wa mtaani usiye na cheti: VETA wanapima ujuzi ulionao bila kukurudisha darasani. Tujadili

Mwashi wa Goba (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Huu uzi nauleta kwa mafundi wenzangu wa mtaani, waashi, maseremala, wachomeleaji, mafundi bomba, watu wa gereji, mpaka wapishi na washonaji. Wale ambao kazi tumeijulia kazini, unaanza saidia fundi unachanganya udongo na kubeba tofali, baadae unashikishwa mwiko, siku moja fundi mkuu kaenda kula anakuachia kona uisimamishe mwenyewe na ndo hivyo tayari ushakuwa fundi. Mtihani hakuna, mahafali hakuna, cheti chako ni mdomo wa yule aliyekufundisha.

Na shida ipo hapo hapo. Kazi unaijua, sawa, ila ushahidi kwamba unaijua anao mtu mwingine. Fundi wako akihama mji, mkikosana, au Mungu akimchukua, kila saiti mpya unaanza upya kubembeleza "nijaribu bosi". Una miaka kumi na kitu kazini, dogo katoka chuo juzi anaingia saiti kwa mkataba na wewe unalipwa deiwaka jioni kwa jioni, afu dogo mwenyewe anakuja kukuuliza kona inasimamishwaje.

Kwa wasiojua, kuna kitu kinaitwa urasimishaji wa ujuzi, yaani kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi ulioupata kazini, wenyewe wanafupisha RPL kwa Kiingereza. VETA, wale mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walianza kuujaribu zaidi ya miaka kumi iliyopita wakishirikiana na Shirika la Kazi Duniani, ILO, baadae Ofisi ya Waziri Mkuu wakaubeba ndani ya programu ya taifa ya kukuza ujuzi, kuna makundi ya mafundi mikoani wamepimwa serikali ikilipia. Ukienda kivyako nje ya makundi hayo unalipa mwenyewe, na bei usiniulize mimi, nenda chuo cha VETA cha mkoani kwako waulize, maana hapa jukwaani kila mtu ataleta bei yake.

Inavyokwenda kwa kifupi: unajaza fomu, unasema fani yako na umeifanya wapi na kwa muda gani, unapeleka ushahidi, yaani picha za kazi zako, barua ya mteja au fundi mkuu, utambulisho wa serikali ya mtaa. Unahojiwa. Afu unafanya kazi mbele ya wapimaji. Na hawapimi "uashi" kwa jumla jumla, fani imevunjwa vipande, kuna kuseti msingi, kuna kupanga tofali, kuna zege, kuna plasta, kila kipande na vigezo vyake, vile vile anavyopimwa mwanafunzi aliyekaa chuoni. Ulichoweza kinahesabiwa. Usichoweza unaambiwa, unapewa mafunzo mafupi ya kuziba hilo pengo, unapimwa tena. Hukai darasani miaka miwili kujifunza kushika mwiko ulioushika tangu hujaota ndevu.

Sasa niseme kinachotuangusha maana hapa ndo nataka mafundi wasome taratibu. Kazi haituangushi. Kuna watu wanapandisha ukuta hadi pimamaji inaona aibu. Tunaanguka kwenye KWA NINI.

Chukua zege. Saiti sote tunasema mfuko mmoja, toroli moja ya mchanga, mbili za kokoto. Iko sawa kabisa, ndo ile 1:2:4 ya kwenye ramani, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, maana mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita kama 35 na toroli la kawaida linabeba karibu mara mbili ya hapo. Mpimaji anakuuliza, leo toroli hakuna, una ndoo za lita 20, unaweka ngapi? Kimya. Wakati ni tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, hesabu ya darasa la tano. Au anauliza kwa nini unamwagilia zege siku saba, unajibu "lisipasuke". Hujakosea ila haijatosha, saruji inakomaa kwa kunywa maji, ukiliacha likauke mapema lile zege linabaki dhaifu hata kama kwa macho halina ufa. Au nondo, kwa nini unaweka vibiskuti, vile vipande vidogo vya zege, chini yake? Wengine wanasema "injinia ndo anataka". Mkuu, nondo ikigusa ubao itabaki nje baada ya kuvua mbao, itapata kutu, itavimba na kulisukuma zege.

Kingine ramani. Sisi tunaongea futi, ramani inaongea milimita. Na cha mwisho usalama, mtu yuko juu ya mirunda ghorofa ya tatu na kandambili.

Nimemaliza upande wangu. Waliopita huko waje watiririke, na wanaoona cheti ni karatasi tu waje pia.

Kokoto Nyeusi

Mimi ndo hao wa karatasi tu. Kaka mteja wa Bunju akikupigia simu anauliza bei gani na unaanza lini. Sijawahi kuulizwa cheti tangu nianze hii kazi, naulizwa "nyumba gani umejenga nikaione". Nampeleka anaona anashika ukuta anaridhika. Hicho cheti nimwonyeshe nani? Na wenye vyeti wanaoharibu nyumba za watu tunawajua, tunakuja kubomoa na kurudia.

Mwashi wa Goba

Kokoto sikupingi. Kwa mteja wa nyumba ya mtu binafsi cheti hakikuongezei hata mia, nisidanganye watu. Kinakusaidia pale anayekulipa sio yeye anayeona kazi yako. Kampuni ina ofisi Masaki na saiti iko Lindi, mtu wa rasilimali watu hawezi kuja kushika ukuta wako, anachoweza ni kuangalia faili. Ukijiunga kikundi mkaomba kazi za halmashauri, wanaangalia faili. Ukiridhika na wateja wa Bunju maisha yako yote endelea, ni haki yako, ila siku mgongo ukianza kuuma na unataka usimamie badala ya kubeba, hapo ndo utaanza kuitafuta hiyo karatasi ukiwa na miaka 50.

Fundi Fyuzi

Ngoja niwape ya umeme maana kwetu huku hakuna utani. Ufungaji wa umeme una leseni, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, ndo wanatoa kwa madaraja, na leseni inataka vyeti. Bila leseni, fomu ya kuombea umeme TANESCO huwezi kuisaini, inataka mkandarasi mwenye leseni na mhuri wake.

Sasa mtaani inakuwaje? Fundi anafanya waya nyumba nzima kuanzia kuchimbia paipu ukutani hadi kufunga meinswichi, afu anamtafuta mwenye leseni ampigie mhuri kwa hela. Yule hajakanyaga kwenye nyumba, hajapima ethi, hajui hata kama kuna waya umeungwa ndani ya ukuta kwa selotepu. Nyumba ikiungua mhuri ni wake na kazi ni yako. Mimi nimeishi hivyo muda mrefu, na hela ya mihuri niliyotoa ukiijumlisha ningesoma chuo nikamaliza na chenji ikabaki.

Kwa hiyo mwashi unaweza ukabishana kama cheti kina maana. Fundi umeme hana hayo mabishano. Kupimwa ujuzi ni hatua ya kwanza tu, cheti cha fani hakikupi leseni moja kwa moja, EWURA wana mambo yao, ila bila cheti hata mlango hugongi.

Kandambili

Mwanzisha uzi umenisema mimi kabisa hapo kwenye mirunda 😂😂

Dereva wa Usiku

Asante mleta mada. Naomba kuuliza, na sisi madereva? Mtu nimeendesha magari makubwa tangu enzi za turnboy, nikataka leseni ya kubeba abiria wakaniambia lazima cheti cha NIT (chuo cha taifa cha usafirishaji) au VETA, nikaenda kukaa darasani na vijana wanaojifunza, mwalimu mwenyewe ananiita "mzee" na ananiuliza mimi njia ya kushuka Kitonga.

Mwalimu wa Karakana

Nimefundisha vyuo vya ufundi muda mrefu, naomba niweke mambo kadhaa sawa.

Kwanza hii habari ya kumpima mtu asiyesoma chuo sio mpya. Kulikuwa na majaribio ya ufundi, mnayakumbuka kama greidi, unaanza ya tatu, unapanda ya pili, unamalizia ya kwanza. Ule mfumo ulikuwepo chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1974, na fundi wa gereji alikuwa anaweza kuja kufanya jaribio bila kusoma kwetu. VETA yenyewe imekuja na sheria ya 1994. Baadae tukaingia kwenye mfumo wa umahiri, vyeti sasa vina ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Kwa hiyo mzee mwenye greidi yake ya mwaka 1985 asiitupe, anayo kumbukumbu halali.

Pili, tofauti na zamani. Lile jaribio lilikuwa la umepata au umekosa, na lilikuwa na mtihani wa kuandika ambao uliwaangusha mafundi wazuri kweli kweli kwa sababu tu hawakuzoea kalamu. Hii ya sasa mpimaji anaruhusiwa kukuhoji kwa mdomo, anaweza kukufuata kazini kwako akakuona na vifaa vyako ulivyovizoea. Seremala anayetumia randa yake mwenyewe si sawa na aliyepewa mashine ambayo hajawahi kuiona.

Tatu, na hili mafundi hawapendi kulisikia: mpimaji mzuri lazima akukatalie pale usipojua. Kikiwa cheti cha kila anayejaza fomu, miaka miwili tu waajiri watakuwa wanakitupa jalalani na wale waliokistahili ndo watakaoumia. Mapengo niliyoyaona mara nyingi ni yale yale aliyoyasema Mwashi, hesabu, ramani na usalama. Na hilo pengo ndo faida yenyewe ukitaka ukweli, fundi anatoka na kitu ambacho hakuwa nacho.

@Dereva wa Usiku, kwa daraja la abiria hoja sio kama unajua kushika usukani. Wanataka uwe umefundishwa sheria, huduma kwa abiria, dharura. Lakini nakubaliana na wewe kwamba kozi ingegawanywa, unachokijua uhesabiwe, usikae darasani kwa kile unachokijua. Ndo maana halisi ya hiki tunachokijadili hapa.

Spana 17

Mwalimu umeongea. Mi niko gereji, nataka kuongeza upande ambao naona haujaguswa. Tuseme umepimwa, umepata cheti chako cha ufundi magari, hongera, umekilaminati umekitundika ukutani. Gari limebadilika. Sisi tulijifunzia kwenye kabureta na platini, unasikiliza mlio unajua tatizo. Zikaja za sindano za mafuta na sensa, tukaanza kununua vile vimashine vya kusoma kodi za hitilafu. Saa hizi mtaani kumejaa haibridi, na betri kubwa ya haibridi kama ya Prius ina zaidi ya volti 200, ukiishika kama unavyoshika betri ya volti 12 unakufa, sio utani. Nimeona dogo anafungua kifuniko kwa spana mkono mtupu, bosi wake anamwangalia tu maana na yeye hajui.

Kwa hiyo cheti bila tarehe ya kurudi kinamdanganya mteja. Ningekuwa na uwezo ningesema kila baada ya miaka kadhaa fundi arudi kwa kozi fupi ya wiki, jioni au wikiendi, sio umvute mtu gereji miezi mitatu familia ile nini. Nyerere aliutangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, "elimu haina mwisho" tumeiimba tangu utoto, afu vyuo vingi kozi zake zimepangwa kama vile kila mtu ana miaka 17 na analishwa kwa baba yake.

Kokoto Nyeusi

Hapo Spana nakuunga mkono asilimia mia. Kozi ya jioni hata mimi ningeenda. Ramani nasomaga kwa kubahatisha.

Mama Overlock

Kaka zangu mmeongea zege na magari tu, na sisi washonaji tupo. Nimejifunzia kwa shangazi yangu kibarazani, nimefundisha wasichana siwahesabu. Ikaja kazi ya sare za shule, nyingi kweli, wakataka kikundi chenye wataalamu wenye vyeti. Tukaishia kushona sisi sisi, lakini kwa jina la mtu mwingine ambaye vyeti anavyo na cherehani hajui hata kutunga uzi, akachukua kubwa sisi tukaambulia vipande kwa vipande. Tofauti na mhuri wa umeme ni nini?

Nilipoenda kuulizia chuoni nikaambiwa lete picha za kazi. Picha gani jamani, nguo nimeshona mtu kavaa kaondoka. Nikaanza kuwatafuta wateja WhatsApp wanitumie picha zao za harusi na vipaimara. Kwa hiyo wadogo zangu, kuanzia leo kila kazi piga picha, kabla, katikati na mwisho, weka kwenye barua pepe, simu inaibiwa.

Na tufikiriwe muda. Mimi mchana dukani, jioni nina watoto. Mpimaji akija kibandani kwangu sawa, ila nikiambiwa niende makao makuu ya mkoa nikae huko kuziba pengo, nani anabaki na wanangu?

Mwashi wa Goba

Dada Mama Overlock hiyo ya picha ningeiweka kwenye posti ya kwanza ingekaa vizuri sana. Na kwa walio mbali na chuo cha VETA, waulizieni na kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilianzishwa 1975 kwa ajili ya watu wazima wa vijijini, viko zaidi ya hamsini nchi nzima, na wengi tunapita tu nje tunaona bango. Kozi fupi wanazo.

Mjengo Kayole

Mambo wabongo. Huku kwetu Kenya hiyo kitu ya greidi bado iko, NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ndio wanafanya, greidi three, two mpaka one, na mtu wa jua kali anaweza kujiandikisha akafanya. Mimi niliifanya nikiwa na uzoefu wa kazi ya mjengo tu. Sasa kuna pia KNQA, mamlaka ya kusimamia sifa na vyeti, wanaleta hii ya kutambua ujuzi kwa upana zaidi. Lakini shida ni ile ile ya Kokoto, fundi hapa Kayole anakuuliza itanisaidia aje na kesho nataka unga. Wale nimeona wamefaidika ni wale walitaka kwenda majuu au kuingia kampuni za Wachina kama foremani.

Mchomeleaji Sohar

Asalaam aleikum. Niko Oman huku, nachomelea. Nilianza kwenye mageti na grili Mbagala.

Nawaambia ukweli vijana wa kuchomelea. Cheti cha nyumbani kinakusaidia kuitwa, hakikupi kazi. Ukifika kwenye kampuni ya mabomba ya mafuta au gesi unapimwa upya, hata ungekuwa na cheti cha ukubwa wa mkeka. Wanakupa bomba limelazwa nyuzi 45 limefungwa halizunguki, unalizunguka wewe, juu, ubavuni, chini kama unamtengeneza mtu gari. Ndo wanaita 6G. Ukimaliza wanapiga picha ya eksirei au wanakata vipande wanavikunja, tundu dogo tu ndani umefeli. Na ukifaulu, ukikaa miezi sita bila kuchomelea kwa njia ile, ule uthibitisho umekufa, unapimwa tena. Hakuna anayeona ni dharau. Mzee ana mvi anapimwa sawa na mtoto.

Nalisema hili kwa sababu huko nyumbani lile bomba la mafuta la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, nilisikia vijana wakilalamika kazi za kuchomelea hawapati wao. Fundi grili hodari hawezi kuruka kutoka geti hadi bomba la inchi 24 kwa uzoefu wa geti. Ila anaweza kufika kama kungekuwa na ngazi katikati, upimwe ulichonacho, uambiwe umebakiza hiki na hiki, ufundishwe hicho tu. Mimi hizo ngazi nimezipandia ugenini kwa hela yangu.

Bosi Mdogo

Naomba nitetee waajiri kidogo maana tunasemwa. Nina kakampuni, wafanyakazi tumezidi kumi, kwa hiyo kila mwezi nalipa TRA tozo ya kuendeleza ujuzi. Ilikuwa juu zaidi, 2023 wakaishusha ikawa asilimia 3.5 ya mishahara. Hiyo hela ni ya mafunzo kwa jina, na sehemu tu ndo inaenda VETA. Nikitaka mafundi wangu wapimwe natoa tena mfukoni. Afu fundi akipata cheti kesho ananiambia ameitwa kwa jirani anayelipa zaidi. Nani atampeleka fundi wake?

Fundi Fyuzi

Bosi sasa si ndo maana kinaitwa cheti chake na sio chako 😄 Mwongeze mshahara.

Mwalimu wa Karakana

Bosi Mdogo hoja yako ya tozo ni ya msingi, na ningependa waajiri mngeidai kwa sauti hiyo hiyo mnayodai ipunguzwe. Sijawahi kusikia chama cha waajiri kinasema "acheni pale pale, lakini mafundi wetu wapimwe bure". Kila bajeti tunasikia ishuke, ishuke.

Saidia Fundi Milele

Samahani wakuu, swali langu dogo. Mimi niliishia la nne, kusoma nasoma kwa shida, hii nasomewa na mdogo wangu na yeye ndo anaandika. Uashi naujua. Naweza kwenda?

Mwalimu wa Karakana

Nenda mdogo wangu. Mwambie mdogo wako akusindikize siku ya fomu tu, ukifika waambie wazi mapema kwamba unataka kuhojiwa kwa mdomo, usisubiri siku ya kupimwa. Ila nikuweke sawa usije ukadanganywa na mtu: cheti cha ufundi sio cha fomu foo. Ukitaka huko mbele kuendelea na vyuo vya ufundi sanifu, wengi watakuuliza matokeo ya sekondari hata ukiwa na ngazi ya tatu, na huko njia yake ni elimu ya watu wazima na mtihani wa maarifa wa NECTA, baraza la mitihani. Kwa sasa anza na mkono wako. Kusoma anza leo jioni na huyo huyo mdogo wako, na aanze na namba za kwenye ramani.

Kokoto Nyeusi

Saidia uko mkoa gani? Kama ni Dar njoo PM, Jumatatu napita chuo cha VETA Chang'ombe kuulizia bei na hizo kozi za jioni, twende wote. Nikirudi naweka majibu hapa hapa.

Mwashi wa Goba

Kokoto weka kila kitu, bei, nyaraka wanazotaka, na wanapima lini. Mods naomba uzi ubaki jukwaa la ajira, msiupeleke jukwaa la elimu, huko mafundi hawaingii.